Sahani Iliyotazama Kwetu

Sisi tuliokulia Nakivale, kambi ya wakimbizi, wakati kijiji kizima kilikuwa na simu moja, tena ya kubonyeza, hatuna huruma sana na watu wanaolalamikia mtandao. Juzi aliingia dukani kwangu hapa Mbarara, ninakouza chaja na vocha, kijana mmoja amenuna kwa sababu video yake ilikuwa inazunguka tu bila kufunguka. Alisema siku yake imeharibika. Nikamwambia kwamba sisi nyumbani tuliwahi kukaa mwezi mzima tukikodolea macho taa ndogo nyekundu iliyokataa kugeuka kijani, na bado tulikula, tukalala, tukaenda kuchota maji. Aliniangalia kwa adabu, akanunua bando lake, akatoka. Lakini wewe wa rika langu, uliyepanga dumu lako kwenye foleni ya bomba kule New Congo, kijiji chetu cha kambini, kabla jua halijatoka, najua utanielewa.

Kwanza nakumbuka vumbi. Mwezi wa saba na wa nane lilikuwa linaingia hadi ndani ya madaftari, na sare ya shule ukiifua jioni, asubuhi unaivaa nyekundu tena. Wavulana walicheza mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba za migomba, na sisi wasichana tuliruka kamba hizohizo mpaka zikakatika. Darasani tulibanana Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali kwenye benchi moja, mwalimu Mnyankole akitufundisha Kiingereza, na sisi tukinong'onezana majibu kwa Kiswahili. Nyumbani tulikuta bugali ya mahindi ya msaada, yale ya njano, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na siku Baba alipouza maharage vizuri tulipata ndagala, dagaa wa kwetu. Wazee wetu waliudharau sana ule unga wa njano, walisema ni chakula cha kuku, lakini sikuwahi kuona tonge limebaki kwenye sahani ya mzee yeyote.

Halafu kulikuwa na makopo. Mafuta ya msaada yalikuja katika makopo makubwa ya bati, na kopo likiisha halikutupwa. Lilikatwa, likanyooshwa kwa nyundo, likawa koroboi, faneli, kiraka cha paa au dirisha. Mlango wetu ulikuwa wa makopo matupu, na herufi zangu za kwanza nilizijulia kwenye maandishi yake kabla sijaanza shule. Leo watoto wanatupa kitu kwa sababu kimechubuka rangi. Sitaendelea kuwasema, maana wa kwangu naye ni mmoja wao.

Katika nyumba hiyo ya mlango wa makopo tuliishi Baba, Mama, wadogo zangu wawili, mimi na Koko. Kwetu Kivu, huko Kongo, ukisema bibi umesema mke wa mtu, ndiyo maana mama yake Baba tulimwita Koko. Alikuwa mwembamba, mkali, na mwenye macho yaliyoona mpaka sukari uliyoiba jana. Koko aliishi Nakivale kama mtu aliyeshuka kwenye gari kunyoosha miguu. Nguo zake zilikaa ndani ya kifurushi kilichofungwa, juu ya msumari karibu na mlango. Akitaka kitenge anafungua, anatoa, anafunga tena. Maharage alikubali kupanda, kwa sababu maharage yanaiva upesi. Migomba alikataa. Mama alipoletewa mche wa avoka, ule ambao vitabuni wanauita mparachichi, Koko aliuliza nani atakaa hapa mpaka uzae, na mche ukakaukia ndani ya kopo.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Wilondja, mtoto wake wa mwisho, mdogo wake Baba. Siku tuliyokimbia kijijini kwetu Fizi, Wilondja ndiye aliyekuwa na mbuzi, na mbuzi hawajali haraka ya mtu. Alisema tutangulie, yeye atatufuata. Tukatangulia, tukatangulia, mpaka tukajikuta Uganda. Mimi nilibebwa mgongoni na sura yake sikuikumbuka hata kidogo. Nililijua jina lake tu, kwa sababu Koko alilitaja katika sala ya kila jioni, baada ya kushukuru kwa chakula na kabla ya kuwaombea wagonjwa.

Huko nyumbani kulikuwa na redio iliyosoma matangazo ya watu wanaotafutana, kila Jumapili saa tisa alasiri. Fulani wa kijiji fulani anatafutwa na ndugu yake aliye mahali fulani. Na aliyesikia akijibu, jibu nalo lilisomwa palepale. Mama Furaha, jirani yetu aliyefanya biashara ya vitenge na kuvuka mipaka kama mtu anayevuka uwanja wake, aliubeba ujumbe wa Koko kichwani njia nzima, akaufikisha. Aliporudi alisema wameahidi kuusoma kila Jumapili ya mwezi wa nane. Mwezi wa tisa ukiingia, itakuwa zamu ya watu wengine.

Tatizo ni kwamba redio hiyo Nakivale haikufika. Redio zetu za betri zilishika Mbarara, na jioni nyingine zilishika Tanzania, basi. Ila Mama Furaha alikuwa ameambiwa kwamba stesheni ile inapita pia kwenye setelaiti, na mwenye redio ya setelaiti anaisikia popote alipo. Hapakuwa na mtu New Congo aliyekuwa na kitu cha namna hiyo. Koko alimtazama Baba. Tangu hapo mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ni setelaiti tu.

Baba alikuwa seremala zamani, na Nakivale alikuwa mkulima wa maharage. Mmoja wa wateja wake Mbarara alikuwa sajini wa kambi ya jeshi ya Makenke, mtu mcheshi mwenye tumbo, aliyewahi kutumwa nchi za mbali na kurudi na vitu vya ajabu. Kumbe redio ya setelaiti alikuwa nayo, imelala chini ya kitanda. Walibadilishana kwa gunia la maharage. Nilikuwepo, maana siku za likizo Baba alinichukua kwenda Mbarara nimsaidie kwa Kiingereza, na Afande alituambia kwa Kiswahili chao cha jeshini: "Hii redio iko muzima kabisa. Sikio yake tu ndiyo ilivunjika. Wewe tengeneza sikio, itasikia."

Baba hakuwa mtu wa kuamini maneno. Aliipeleka kwanza kwa fundi mmoja sokoni, ambaye alikuwa na antena ya namna hiyo, mali ya mteja. Fundi alipanda kwenye stuli, akaiweka ile antena juu ya bati la kibanda chake, akashuka, akaunganisha waya. Taa ikageuka kijani na mtu akaanza kuimba kwa Kifaransa. Baba alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Sote tulikuwa tumeikodolea macho ile taa. Hakuna aliyenyanyua kichwa kuangalia antena ya fundi ilikuwa imelala namna gani juu ya lile bati.

Fundi alimchorea Baba jinsi ya kutengeneza sikio lake mwenyewe: sahani ya bati yenye shimo la wastani kama beseni, na katikati yake koili ya waya wa shaba iliyosimama. Baba alichukua vipimo kwa kamba. Nyumbani aligeuza karai kubwa la Mama kifudifudi na kulitumia kama kalibu, akakata makopo vipande vipande, akavigonga juu yake na kuviunga kwa misumari. Ndani aliisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ikang'aa. Aliamini kwamba sauti inaweza kuvujia kwenye mianya, kwa hiyo Mama aliyeyusha mishumaa na kuziba kila kiungo, bila kuacha hata tundu la sindano. Koili ilitoka kwenye mota iliyokufa, na umeme ulitoka kwenye betri ya gari tuliyoibeba kwa baiskeli kwenda kuichajisha Base Camp, kwenye ofisi za kambi. Sijaona tena kitu kilichotengenezwa kwa moyo kama ile sahani.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane aliisimamisha juu ya mlingoti uani, ikitazama upande jua linakozama, kwa sababu Kongo iko huko. Majirani walikuja wakiwa bado na nguo za kanisani. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani na kuangalia taa. Taa ilibaki nyekundu, na kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna mawimbi. Nilisoma kwa sauti, nikatafsiri. Baba aliniambia nisome tena, safari hii vizuri. Nilisoma vizuri, na ikawa ni yaleyale.

Wiki iliyofuata alianza kutafuta kosa, na alilitafuta kwa utaratibu wa seremala, kiungo kwa kiungo. Alianza na betri. Tuliirudisha Base Camp, ikachajiwa upya, ikarudi, taa ikabaki nyekundu. Akaja kwenye waya, akaupapasa wote kwa vidole, akakuta mahali mbuzi wa jirani alipoonja. Akakata, akaunga, akafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nyekundu. Akaifumua koili na kuizungusha upya, maana hakuwa na uhakika kama fundi aliichora ikizunguka kulia au kushoto. Nyekundu. Akapeleka redio yenyewe Mbarara kwa fundi yuleyule, na kule iliimba vizuri tu. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye redio, wala kwenye betri, wala kwenye waya. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja, nacho ni upande ambao sahani inatazama.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza kweli, kwa sababu mtambo wetu ulikuwa uani kwa wakimbizi, na mkimbizi anaweza asijue mambo mengi lakini kwao anakujua. Koko alisema Baba amepotea tangu mwanzo. Kwake yeye nyumbani kulikuwa upande wa barabara inayoingia kutoka Isingiro, kwa sababu lori lililotuleta lilitokea huko. "Ile barabara ndiyo tulikuyaka nayo," alisema. "Kwetu kuko ku mwisho yake." Baba alijaribu kueleza kwamba barabara inapinda, na Koko akamuuliza tangu lini yeye anamfundisha njia mtu aliyeitembea.

Mzee Venansi naye alikuwa na neno. Alikuwa Mrundi, mkulima, kiongozi wa kwaya ya Kikatoliki, mtu mpole ambaye upole wake uliisha ukigusa jiografia. Alisema yeye amezaliwa Bujumbura, na Uvira alikuwa akiiona kila siku ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo tuielekeze Burundi, sauti itakuwa njiani. Mwingine akasema hapana, redio lazima ipitie Bukavu. Mama Furaha akasema yeye peke yake kati ya hawa wote ndiye aliyekwenda huko mwaka huu, na akanyoosha mkono upande ambao hakuna mwingine aliyeufikiria. Uani kwetu palichomekwa vijiti, kila kijiti nyumbani kwa mtu. Wadogo zangu walivigeuza kuwa mchezo wa kuviruka, wakafukuzwa.

Sahani ilizungushwa kwenye vijiti vyote. Mimi ndani nilikaa na taa yangu, na kila walipouliza nilijibu, "Bado." Nililisema neno hilo mara nyingi mpaka watoto wa jirani wakaniita Bado, na kuna mama mmoja hadi leo nikikutana naye Mbarara ananisalimia, "Bado, watoto hawajambo?" Ukiniuliza sasa kwa nini hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewaza vingine, nitakuambia ni rahisi. Redio zote tulizozijua zilikuwa na mnara, mnara ulikuwa mahali, na mahali penyewe palikuwa nyumbani. Neno setelaiti tulilitamka sote, lakini vichwani mwetu lilikuwa mnara mrefu zaidi. Unataka kusikia kwenu, unageukia kwenu.

Jumapili ya pili ikapita hivyo, na ya tatu. Watu walipungua. Wengine walianza kumwambia Baba kwamba Afande alimuuzia sanduku tupu. Koko alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele ya redio kuanzia saa nane, amevaa kilemba cha kanisani, mikono mapajani, mpaka saa ya matangazo iishe. Jumapili ya tatu alipoinuka alimwambia Baba, pole pole, bila ukali wake wa kawaida: "Na kama anajibu leo, nani anasikia?" Baba alitoka nje. Mama alinikataza nisimfuate, na kutoka dirishani nilimwona amesimama karibu na mlingoti, ameweka kiganja juu ya sahani kama unavyompima mtoto homa. Nilimwonea Baba huruma siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Jumapili ya mwisho Baba alisema inatosha. Aliteremsha sahani kwenye mlingoti baada ya kanisa, akaiegemeza ukutani, ili kesho aibebe Mbarara kwa fundi. Alitaka kuchomoa na waya, Koko akakataa. Alisema saa tisa haijafika, na kabla ya saa tisa hakuna mtu atakayegusa redio yake. Basi waya ukabaki umepita dirishani, redio ikabaki inawaka, taa nyekundu, na mimi nikabaki kwenye zamu yangu ingawa hakuna aliyeniuliza tena kitu.

Ndipo mawingu yakaja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi unaijua kwa harufu, na uliyekulia Nakivale unajua kinachofuata. Hakuna anayekimbilia ndani. Kila mtu anakimbilia vyombo. Maji ya bomba ni foleni ya nusu siku, maji ya mvua yanakuja mlangoni, kwa hiyo sufuria, karai, ndoo, dumu lililokatwa mdomo, vyote vinatoka na kupangwa chini ya ukingo wa paa, midomo juu. Mama alipanga vyote. Kisha, bila hata kufikiri, akaichukua sahani ya Baba pale ukutani, koili yake na waya wake, akailaza kwenye mstari pamoja na masufuria, mdomo juu. Kwake yeye lilikuwa beseni zuri lililozibwa kwa nta, halivuji, na lilikuwa limekaa bure.

Baba aliona. Alifungua mdomo kumkemea, na kabla hajasema, mwanamume mwingine akaongea kutoka ndani ya nyumba. Alikuwa anaeleza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa jinsi ya kukinga muhogo na ugonjwa wa majani. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka redioni na taa ilikuwa kijani. Nilikimbia mlangoni kuwaambia na sikuwa na neno, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa nimezoea moja tu. Mwishowe nilisema, "Si bado tena."

Baba alifanya lile ambalo mtu yeyote angefanya. Aliinyakua sahani, akaipandisha kwenye mlingoti, akaielekeza nyumbani. Kimya. Akaishusha chini, mdomo juu, yule bwana wa muhogo akaendelea. Akaiinua tena, kimya. Mzee Venansi, aliyekuwa anapita na ndoo yake, alisimama akatazama sahani, halafu akatazama juu ya kichwa chake mwenyewe, ndoo mkononi. "Iko hapa hapa juu yetu," alisema. Hakuna aliyebisha, na Wakongomani na Warundi kutobishana juu ya kitu kile kile si jambo la kila siku.

Saa tisa ikafika, matangazo yakaanza, na mvua nayo ikaanza kwa pamoja, kwa nguvu. Bati lilipiga kelele mpaka Koko akalazimika kuweka sikio kwenye redio. Nje sahani iliyozibwa vizuri ilianza kujaa, maji yakapanda kwenye koili na sauti ikaanza kuzama. Baba na Mzee Venansi waliisogeza mbali na paa, lakini mvua ilikuwa kila mahali, na wakiinamisha sahani kumwaga maji sauti inakatika, na katikati ya kukatika huko jina la mtu linapita. Baba aliomba msumari. Aliiangalia ile sahani aliyoisugua kwa kijiko, akaweka msumari katikati yake, akagonga kwa jiwe mara moja. Maji yakatoka chini, sauti ikarudi, na hapo akapiga magoti kwenye tope, ameishika sahani kwa mikono miwili isiyumbe.

Kwa kuwa walioko nje hawakusikia, mimi nilisimama mlangoni na kurudia kwa sauti kila jina lililosomwa. Watu walikuwa wamerudi, wamesimama kwenye mvua, wengine na masufuria vichwani. Nilitaja majina ya watu ambao sikuwajua, watoto wa vijiji nisivyovijua. Mwanamke mmoja aliketi chini aliposikia la dada yake. Kisha redio ikasema: "Nyota Asende wa Fizi yuko hai. Yuko Nakivale, Uganda, kijiji cha New Congo. Anamtafuta mtoto wake Wilondja, aliyebaki nyuma na mbuzi. Mwenye kumjua amwambie mama yake yuko huko." Hilo sikulirudia, niligeuka kumtazama Koko. Koko hakulia. Aliweka kiganja juu ya redio, akaijibu kama mtu aliyeitwa jina darasani: "Niko."

Jibu la Wilondja halikusomwa siku ile. Tulisikiliza kila Jumapili baada ya hapo, sahani imelala chini mdomo juu na tundu lake katikati, watu wamejaa uani, mpaka siku setelaiti yenyewe iliponyamaza na hakuna aliyetuambia kwa nini. Jibu lake halikusomwa kamwe. Lakini Jumatatu ile ya kwanza baada ya mvua, Koko alifungua kifurushi chake, akakunja nguo moja moja na kuzipanga kwenye rafu, na kitambaa cha kifurushi akampa Mama awe anapangusia meza. Halafu akaenda kwa jirani, akarudi na mche wa avoka, akaupanda mwenyewe mbele ya nyumba. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha maneno yake ya zamani.

Miaka ikapita, na familia yetu ikaitwa kwenda Marekani, katika mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Mnajua neno hilo lilikuwa na maana gani Nakivale, jinsi watu walivyolingoja, jinsi waliolipata walivyoagwa kwa ngoma. Koko alikataa. Baba alimsihi, mchungaji alikuja, Mama Furaha alikuja. Aliwasikiliza wote, akawapa chai, halafu akasema: "Miye nilishasema ku redio niko hapa. Nikienda, akikuja atanikuta wapi?" Ndipo nilipoelewa kwamba kwa Koko tangazo lile lilikuwa ahadi. Baba, Mama na wadogo zangu walikwenda. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, nikasema nitabaki naye, na sijawahi kujuta, ingawa siku ya kuwasindikiza nililia mpaka dereva akasimamisha gari. Koko alikula avoka za mti wake kwa misimu kadhaa kabla hatujamzika palepale Nakivale.

Leo Baba ananipigia kutoka Marekani, ninamwona mpaka mvi za kidevuni, na akimaliza anakata bila kuaga kwa sababu anajua atanipata tena kesho. Ni jambo zuri, silikatai. Lakini ninawaona vijana wanaokuja dukani kwangu. Kila mmoja ana laini tatu, anabadilisha namba akigombana na mchumba, akiudhika na mjomba anamfungia. Wana njia ya kumfikia mtu yeyote duniani, na ukiwatafuta hawapatikani. Enzi zetu tulikuwa na sahani moja ya makopo kwa kijiji kizima, na mtu akisema yuko mahali, alikaa mahali hapo. Namba yangu ni ileile niliyoanza nayo, na haitabadilika.

Nyumba ya New Congo anakaa Mama Furaha sasa. Amezeeka, mipaka imemshinda, na nimempa nyumba kwa sharti kwamba asihame bila kuniambia. Mwezi wa nane kila mwaka ninakwenda, tunakandika kuta upya, tunafagia chini ya mti wa Koko. Sahani ipo hapo mizizini, imeshika kutu, imetazama juu kama Mama alivyoiweka. Mwaka huu nilikwenda na binti yangu, ambaye alichoka haraka kwa sababu simu yake ilikuwa inashika kwa taabu. Aliniuliza kwa nini hatuifungi tu hii nyumba na kwenda kwa Babu Marekani kama watu wengine. Nilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia kuna mtu aliambiwa tuko hapa.